Seli ya saratani haioti popote inapodondoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo moja lililoandikwa katika makala yenu ya afya ya wiki iliyopita kuhusu uvimbe wa matiti. Makala yenyewe ilikuwa na mengi mema, na mwandishi alifanya vizuri kuwahimiza akina mama wajichunguze wenyewe. Lakini katika aya yake ya mwisho alieleza, bila kuweka shaka yoyote, kwamba uvimbe ukikatwa kwa ajili ya vipimo seli zake hudondoka, huchukuliwa na damu, na huota mahali popote zinapotua. Aya hiyo ndiyo iliyosomwa kwa sauti katika nyumba nyingi za huku kwetu, kwa kuwa inathibitisha kile ambacho watu wa Moshi na vijiji vya mlimani wamekuwa wakiambiana kwa miaka mingi: kwamba saratani ikiguswa na chuma inachachamaa, na kwamba mwenye uvimbe akitaka kuishi asikubali kutolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kwa kisu au kwa sindano ili kipimwe.

Nilifanya kazi katika maabara ya tishu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea hivyo vinyama vinavyoogopwa, kuvihifadhi kwa fomalini, kuvizamisha katika nta, kuvikata vipande vyembamba vya maikromita 4 au 5, kuvitia rangi ya zambarau na ya waridi, kisha kuviweka tayari ili daktari wa patholojia avisome kwa hadubini. Maelfu ya vinyama yamepita mikononi mwangu. Kimojawapo kilikuwa cha shangazi yangu wa Kibosho, ambaye alikaa na uvimbe kwa miezi 14 kwa sababu ya maneno yaleyale mliyoyachapisha, na alipokubali kuja hospitalini ngozi ya titi ilikuwa imekwisha kupasuka. Siandiki kwa hasira dhidi ya mwandishi wenu, maana naamini alirudia alichokisikia kwa watu anaowaheshimu. Naandika kwa sababu elimu ya namna seli zinavyoshika na kuachia ipo, imefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka 50, na inatupa picha nyingine kabisa ya namna saratani inavyosafiri.

Shuleni wengi wetu tulichorewa seli kama chumba kinachojitegemea, chenye utando, ute na kiini, na mchoro ule uliiacha seli ikielea hewani. Chini ya hadubini sijawahi kuona seli ya titi au ya utumbo ikielea. Nimeziona zimejipanga kwa safu, zimeegemeana ubavu kwa ubavu, na upande wake wa chini umekanyaga tabaka jembamba la protini ambalo wataalamu huliita utando wa msingi. Zaidi ya tabaka hilo kuna wavu mzima wa kolajeni, fibronektini na protini nyingine, ambao seli zenyewe huusuka na kisha huishi kwa kuushika. Seli za kawaida za namna hiyo zikitenganishwa na wavu wake na kuachwa zielee ndani ya chombo, hata kama chombo hicho kimejaa kila lishe zinayohitaji, zitakufa, na zitakufa kwa utaratibu, kwa kujivunja zenyewe kutoka ndani. Mwaka 1994 watafiti Frisch na Francis walikipa kifo cha aina hiyo jina lenye asili ya Kigiriki, anoikisi, maana yake kukosa makazi. Namwomba msomaji alishike neno hilo, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake: seli inapong'olewa mahali pake, jambo la kawaida kwake ni kufa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kumjua mmoja wa watu waliotufundisha haya. Richard Hynes alizaliwa Nairobi mwaka 1944, akakulia Uingereza, akasoma Cambridge na baadaye akapata shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT huko Marekani. Mwaka 1973, akiwa mtafiti kijana mjini London, alijiuliza swali ambalo wakati ule halikuonekana kuwa na faida ya haraka kwa mgonjwa yeyote: je, uso wa seli ya kawaida unatofautiana vipi na uso wa seli iliyogeuzwa na virusi kuwa ya saratani? Alizitia seli hai alama ya iodini yenye mionzi, kwa njia ambayo huacha alama kwenye protini za juu ya utando peke yake, kisha akazipanga protini hizo kwa ukubwa. Katika seli za kawaida kulikuwa na protini moja kubwa sana iliyojitokeza waziwazi. Katika seli zilizogeuzwa, mahali pa protini hiyo palikuwa patupu. Mwaka huohuo, mjini Helsinki, Erkki Ruoslahti na wenzake walikuwa wameifikia protini hiyohiyo kwa njia yao wenyewe. Baadaye ilipewa jina la fibronektini, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya uzi na kufunga.

Kilichofuata ndicho ninachopenda kuwasimulia vijana wanaokuja maabara kujifunza. Fibronektini iliporudishwa kwenye seli za saratani zilizokuwa zimejikunja duara na kulegea, seli hizo zilijilaza, zikaishika sahani, na nyuzi za ndani yake zikajinyoosha na kujipanga upya. Kuzaliana kwake hakukukoma, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuiita dawa. Lakini ilionekana wazi kwamba kilichowekwa nje ya seli kilikuwa kimepanga upya kilichoko ndani, na kwamba lazima kuwe na kitu kinachopenya utando na kuziunganisha pande hizo mbili.

Kitu hicho kilipatikana, na mwaka 1986 maabara ya Hynes, ambaye wakati huo alikwisha kurudi MIT, ilikipa jina la integrini, kwa kuwa kimo ndani ya utando wenyewe na kinaunganisha wavu wa nje na kiunzi cha ndani. Kila integrini ni vipande viwili vinavyosimama pamoja, alfa na beta; binadamu ana alfa za aina 18 na beta za aina 8, na katika kuungana kwake zimetambuliwa integrini 24, kila moja ikiwa na vitu inavyovipenda kushika. Kichwa chake kiko nje ya seli. Mkia wake mfupi uko ndani, na kwa kupitia protini kama talini umefungwa kwenye nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Integrini inaposhika wavu, hukusanyika nyingi mahali pamoja, na kimeng'enya kiitwacho FAK huamka, nacho huamsha vingine, mpaka habari inafika kwenye kiini kwamba seli imeshika mahali imara na inaweza kuishi, kugawanyika au kusogea. Nawafikiria wagumu wetu wanaobeba mizigo ya watalii Kilimanjaro wanapofika ukuta wa Barranco: mkono unaoshika jiwe ndio huohuo unaoleta habari kama jiwe limekaa au linacheza, na mwili mzima unaamua kupanda au kurudi kabla mtu hajatamka neno. Integrini inafanya kazi zote mbili, ya kushika na ya kuarifu, na habari inapokatika kwa muda mrefu ndipo seli ya kawaida inapojiua.

Habari husafiri pia kutoka ndani kwenda nje, na hilo linaonekana vizuri zaidi katika damu. Chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zimebeba integrini nyingi mno juu yake, lakini siku zote zinapozunguka mwilini integrini hizo huwa zimejikunja na hazishiki kitu. Mshipa ukipasuka, talini huushika mkia kutoka ndani, kichwa hunyooka, na chembe zinashikana na kuziba tundu. Watu wachache huzaliwa bila integrini hiyo, na daktari wa Uswisi, Eduard Glanzmann, aliueleza ugonjwa wao wa kutokwa damu mwaka 1918, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua sababu yake. Chembe nyeupe nazo zina integrini zake, ambazo Timothy Springer alizitafiti kwa kina huko Boston. Mtoto anayezaliwa bila kipande kimoja cha beta katika hizo, chembe zake nyeupe haziwezi kutoka kwenye mshipa kwenda kwenye kidonda, kwa hiyo anaugua mara kwa mara, vidonda vyake havitoi usaha, na kitovu chake mara nyingi huchelewa kudondoka. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini mama ambaye kitovu cha mwanawe kimepita mwezi bila kudondoka na mtoto anasumbuliwa na maambukizi asikae nyumbani. Mwaka 2022 Hynes, Ruoslahti na Springer walipewa kwa pamoja Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi hii.

Naomba nirudi nyuma kidogo kwa sababu ya wafugaji wanaosoma gazeti lako huko Longido na Simanjiro. Fibronektini ni mnyororo mrefu wenye asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zaidi ya 2,000, lakini mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba mahali ambapo seli huishika panategemea asidi amino tatu tu zilizofuatana: arjinini, glisini na asidi aspartiki. Kishikio hicho kifupi kimeigwa na viumbe wengine. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vinacho juu ya ganda lake, na kwa hicho huishika integrini ya ng'ombe na kuingia ndani ya seli. Sumu ya moma, nyoka ambaye wengine humwita kifutu, ina protini yenye kishikio hichohicho, ambayo huziba integrini za chembe sahani zisiweze kushikana. Wataalamu walijifunza kutoka kwenye sumu za nyoka wa jamii hiyo ya moma na ya rattlesnake, nyoka wa Amerika mwenye njuga mkiani, wakatengeneza dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya moyo, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Nayataja haya ili ionekane kwamba kushika na kuachia kwa seli ni jambo lenye sheria zake, zinazoweza kupimwa na kutumiwa, na kwamba seli haibandiki mahali kama vumbi linavyobandika ukutani.

Sasa nirudi kwenye uvimbe. Seli ya saratani inayoweza kusambaa lazima iwe imebadilika katika mambo mengi kwa mfululizo. Lazima ilegeze mshikano wake na jirani zake. Lazima itoboe utando wa msingi. Lazima ibadilishe integrini zake ili iweze kutembea kwenye wavu usio wa kwao. Na lazima ijifunze kuishi bila kushika kitu, yaani iishinde ile anoikisi niliyoitaja, mara nyingi kwa kuziwasha njia za habari za ndani hata pale ambapo hakuna kilichoshikwa. Hakuna kisu kinachoweza kuifundisha seli mambo hayo. Yanatokea ndani ya uvimbe wenyewe, taratibu, katika vizazi vingi vya seli, wakati mwenye uvimbe anaendelea kwenda sokoni na shambani.

Tena wavu ulioko nje unashiriki katika mageuzi hayo. Akina mama wanajua kwamba uvimbe mbaya wa titi mara nyingi ni mgumu kama jiwe, na mwandishi wenu alilitaja hilo vizuri. Ugumu huo unatokana kwa sehemu kubwa na kolajeni iliyoongezeka na kufungamana, na mwaka 2005 Valerie Weaver na wenzake walionyesha kwamba ugumu wenyewe huzisukuma integrini kukusanyika na kupeleka habari za kukua, hata seli zilizokuwa zimejipanga vizuri zikavunja mpangilio wake. Weaver huyohuyo, mwaka 1997, akiwa katika maabara ya Mina Bissell huko California, alizichukua seli za saratani ya titi zilizooteshwa ndani ya ute unaofanana na utando wa msingi, akaziba integrini moja ya beta kwa kingamwili, na seli zikaacha vurugu, zikajipanga duara na kutulia kama za titi lenye afya, ingawa kasoro zote za vinasaba vyake zilikuwa palepale. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kutazama mpangilio wa seli, kama mimi, hilo ni jambo la kutafakari kwa muda mrefu.

Kuhusu kudondoka kwa seli kwenye damu, ambako makala yenu ilikulaumu kisu, ukweli ni kwamba uvimbe mbaya hauhitaji kisu ili udondoshe seli. Mwaka 1975 Butler na Gullino walipima damu iliyotoka kwenye uvimbe wa matiti wa panya, wakakuta kwamba kila gramu moja ya uvimbe ilimwaga zaidi ya seli milioni 3 kwa siku. Panya hao hawakufa kwa uvimbe milioni 3. Sehemu kubwa mno ya seli hizo hufa njiani: zinapondwa na msukumo wa damu, zinauawa na chembe za kinga, au zinakufa kwa kukosa cha kushika. Zinazopona mara nyingi hupona kwa kusaidiwa. Mwaka 2011 maabara ya Hynes ilionyesha kwamba chembe sahani zinapozigusa seli za saratani ndani ya damu huzipa habari zinazozifanya ziwe tayari kupenya na kuota. Kwa hiyo mama anayekataa sindano ya daktari ili seli zisiingie kwenye damu hajazuia kitu, maana kama uvimbe wake ni mbaya na umekwisha kufika kwenye mishipa, zinaingia leo, ziliingia jana, na kesho zitaingia tena.

Na hata seli iliyopona safari haioti popote. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba saratani ilikwenda kwenye viungo fulani, kama ini, mara nyingi kuliko vingine vinavyopata damu kwa namna inayofanana, akasema kwamba mbegu hurushwa pande zote lakini huota tu kwenye udongo unaozifaa. Sisi wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa huku mlimani, hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Hakuna anayetarajia kahawa ya Kibosho iote kwenye tambarare za mashamba ya miwa ya TPC. Kilichokosekana wakati wa Paget kilikuwa ni sababu, na integrini ni sehemu ya sababu hiyo. Mwaka 2015 maabara ya David Lyden huko New York ilionyesha kwamba vifuko vidogo vinavyotolewa na seli za saratani hubeba integrini maalumu, na kwamba integrini za alfa-6 huvipeleka kwenye mapafu huku ile ya alfa-v na beta-5 ikivipeleka kwenye ini, ambako huitayarisha tishu ili iipokee seli ya saratani itakapofika. Anwani ya safari imeandikwa juu ya seli na vifuko vyake. Haiandikwi na mkono wa daktari wa upasuaji.

Sitaki kuficha kwamba kuna nyakati sindano inaweza kuacha seli katika njia ilimopita. Madaktari wanalijua hilo, linatokea kwa nadra, na ndiyo maana njia ya sindano hupangwa mapema ili baadaye iweze kuondolewa pamoja na uvimbe inapohitajika. Ndiyo maana pia uvimbe unaoshukiwa wa korodani hauchomwi sindano kupitia mfuko wake, bali korodani huondolewa nzima kupitia kinena. Tahadhari hizo zimo ndani ya kazi yenyewe, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake ni tahadhari gani zitachukuliwa katika mwili wake. Mwandishi wenu angeandika hivyo, nisingekuwa na barua ya kuleta.

Najua kwa nini imani hii ni ngumu kung'oka. Watu wanaona kwa macho yao. Ndugu yao alikuwa na uvimbe mwaka mzima na anatembea, akapelekwa hospitali, akakatwa, na baada ya miezi minne wakamzika. Basi wanaunganisha kukatwa na kufa. Wasichokiona ni ule mwaka mzima. Vipande vya shangazi yangu nilivikata mwenyewe, na nilipoviangalia kabla ya kumpelekea daktari niliona kwamba utando wa msingi haukuwapo tena mahali popote, kwamba seli zilikuwa zimejipanga mstari mmojammoja kati ya nyuzi za kolajeni zikielekea mbali, na kwamba ndani ya mshipa mdogo kulikuwa na fungu la seli lililokwisha kuingia. Hayo yote yalikuwa yamefanyika kabla ya sindano ya kwanza kugusa ngozi yake. Kijijini walisema kisu ndicho kilichomuua, na sikuweza kuwabishia matangani.

Kwa upande mwingine nawasihi wasomaji wasije wakauziwa chochote kwa jina la integrini. Dawa zinazoziba integrini zipo kwa magonjwa mengine, ikiwemo moja ya magonjwa ya utumbo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, lakini kwa saratani matumaini yamekuwa makubwa kuliko matokeo. Dawa iitwayo cilengitide, iliyotengenezwa kwa kuiga kile kishikio cha asidi amino tatu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 545 wenye saratani ya ubongo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba haikuwaongezea siku za kuishi. Kinachomsaidia mama wa Moshi leo bado ni kuja mapema, kukubali kinyama kichukuliwe ili ijulikane uvimbe ni wa aina gani, na kuanza tiba inayolingana na jibu. Bila kinyama hicho daktari hajui kama uvimbe una vipokezi vya homoni au hauna, na dawa za aina hizo mbili hazifanani. Hospitali ya KCMC ina kituo cha huduma za saratani hapahapa mjini, na safari ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, si lazima tena kwa kila mtu kama ilivyokuwa nilipoanza kazi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba masahihisho yatoke kwenye ukurasa uleule wa afya ambao makala ilitoka, kwa herufi za ukubwa uleule, na yaseme waziwazi kwamba kuchukua kinyama kwa ajili ya vipimo si chanzo cha kusambaa kwa saratani. Naomba pia kwamba mwandishi wenu, atakapoandika tena juu ya seli, atumie neno kushikamana na alieleze, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo msomaji anaweza kuanza nalo kuelewa mengine yote. Niko tayari kumwonyesha vioo vya tishu na hadubini siku yoyote atakayokuwa na nafasi.

Makala ya wiki iliyopita imekwisha kukatwa na kubandikwa kwenye mlango wa kinyozi mmoja hapa Rau, na jana nilimkuta mama mmoja amesimama akiisoma huku ameshika ubavu wa titi lake. Nilizungumza naye, na ameniahidi kwenda kliniki Jumatatu. Masahihisho yakitoka, nitayakata na kwenda kuyabandika mwenyewe chini ya ile ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu mstaafu wa maabara ya tishu,
Rau, Moshi